Unapajua kwao?

Haya ni maneno niliyoyasema asubuhi ya kufunga shule, kwenye bwalo la shule moja ya bweni hapa Mtwara, wanafunzi wakijiandaa kwa likizo ya mwezi wa sita. Wapo waliokuwa wameshaondoka na basi la alfajiri, na wazazi kadhaa waliniomba niyaandike. Nayaweka yote, kama nilivyoyasema.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Mkuu wa shule, walimu, matroni, wazazi mliokuja kuchukua watoto, shikamooni. Wanangu, hamjambo? Nimeona matranka yamepangwa mlangoni na magodoro yameshafungwa kamba. Najua sikio moja liko hapa, la pili liko stendi. Sitawachelewesha. Nimekuja na swali moja.

Mtazame rafiki yako. Yupo humu humu, pengine mmekaa benchi moja. Huyo mnayelala naye deka moja, wewe juu, yeye chini. Huyo mnayekata naye kipande cha sabuni kwa uzi. Unamjua vizuri, sivyo? Unajua anaogopa popo. Unajua akitaka kulia anajifunika khanga na kusema kichwa kinamuuma. Unajua hesabu zinampiga chenga na Kiingereza anakipenda. Sasa nijibu: unapajua kwao?

Sikuulizi wilaya. Mtaniambia, "Kwao Newala." Newala ipi? Kitangari au Mkunya? Kijiji gani? Ukishuka kwenye basi unafuata njia gani, na ukifika unabisha hodi kwa nani? Mama yake anaitwa mama nani pale mtaani?

Naona mnatazamana. Na mimi nilitazama hivyo hivyo, mwaka 1994.

Nilikuwa kidato cha pili, bweni, shule nyingine na siyo hii. Mwalimu wa zamu aliita majina ya kwenye daftari, lakini sisi wenyewe tuliitana kwa makwetu. Mimi nilikuwa Mikindani. Kulikuwa na Masasi, kulikuwa na Kilwa, kulikuwa na Temeke aliyeletwa kusini na baba yake mtumishi. Na rafiki yangu, wa kufa na kuzikana, alikuwa Liwale.

Niwaeleze Liwale alivyokuwa. Alitumia mkono wa kushoto. Akiandika alikuwa analigeuza daftari ubavu, karibu lilale kabisa, kwa hiyo mistari yake ilipanda juu kama mtu anayekwea kilima. Walimu walimgombeza mpaka wakachoka. Alikuwa ananiwekea ukoko wa makande kwenye kifuniko cha kopo, siku ambazo zamu ya usafi ilinichelewesha bwaloni. Mkate wetu ulikuwa mmoja, ndoo yetu moja, na siku za kwenda kisimani tulishika mpini huo huo, mmoja kulia, mmoja kushoto.

Likizo ya mwezi wa sita ikafika. Tukaahidiana barua. Nikamwambia, "Nitakuandikia wiki ya kwanza." Akasema, "Nitaisubiri." Akapanda gari la Nachingwea, mimi nikarudi nyumbani Mikindani.

Wiki ya kwanza nikaandika kweli. Nikaanza kama tulivyoanza barua zote enzi zile: salamu nyingi kama mchanga wa baharini, dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, ama kuhusu mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali nami. Kurasa mbili. Nikamweleza habari za harusi ya binamu yangu, nikamchorea jahazi lililokuwa limekwama pale ghubani. Nikalamba gundi ya bahasha. Nikaandika jina lake. Chini ya jina nikaandika Liwale.

Kalamu ikasimama.

Liwale wapi? Liwale ni wilaya, wanangu. Ni kubwa, na wakati ule sehemu yake nzuri tu ilikuwa pori la akiba la Selous. Sanduku la posta gani? Kwa mkono wa nani? Mwaka wa pili tunakula sahani moja, na sikujua jina la kijiji chao. Nilijua njia ndefu, nilijua gari linafika usiku, nilijua wana mbwa wawili. Mbwa nawajua, kijiji sikijui. Nikaiweka bahasha ndani ya kitabu cha jiografia nikijiambia, si kitu, Julai tutaonana, nitampa mkononi.

Nitarudi kwenye bahasha hiyo. Ishikeni.

Mtasema, mama, hayo ya bahasha yalikuwa zamani, siku hizi kuna simu. Ni kweli. Hapa shuleni simu hamruhusiwi, lakini mkifika nyumbani, wenye simu janja mtafungua kundi la WhatsApp kabla hamjavua sare. Sikatazi. Lakini niambieni: katika kundi lenu la marafiki, nani hatakuwemo?

Jirani yangu ana binti, yuko kidato cha tatu. Kwao hasa ni Mahuta, anasoma bweni, na jirani yangu huyo ni mama yake mdogo. Yeye na marafiki zake walikuwa saba. Likizo ya mwaka jana wanne walikuwa na simu janja za nyumbani, wawili waliazima za kaka zao, na yeye Mahuta alikuwa na kitochi cha mama yake, ambacho mama anakwenda nacho shambani. Mwezi mzima wale sita walichati. Wakapeana majina mapya. Wakapata utani wao, kuna habari ya mbuzi aliyekula daftari la mtu. Shule ilipofunguliwa mtu akisema "mbuzi" tu, wote chali kwa kicheko. Yeye anacheka nao, hajui anachekea nini. Wiki ya pili akamwomba matroni amhamishe bweni.

Nilipomuuliza kama walimtenga, akaniambia, "Hapana, mama. Walinisahau tu."

Walinisahau tu! Wangemtukana angejua pa kuanzia, angejibu, wangegombana, wangepatana. Sasa mtu aliyesahauliwa amgombeze nani?

Kwa hiyo nawaomba hivi. Kabla hamjaachana leo, chagueni siku moja na saa moja. Jumamosi baada ya magharibi, kwa mfano, watu wameshatoka shambani na simu ya mama iko nyumbani. Siku hiyo pigeni simu ya kawaida, ya sauti, ifike mpaka kwenye kitochi. Mwenye salio ndiye apige. Asiye nalo akikubipu, usikasirike, mpigie. Dakika tano zinatosha. Na jambo kubwa likitokea kwenu, la msiba au la furaha, usiliweke kwenye kundi ukadhani umeshawaambia marafiki zako. Umewaambia wenye bando.

Na jambo jingine kuhusu simu. Mmezoea kuhesabu tiki. Ameona, hajajibu, kanichunia. Mwanangu, unajua mwenzako anafanya nini mwezi wa sita?

Kama kwao ni Tandahimba, mikorosho inaanza kutoa maua, na ugonjwa wa ubwiriunga ukiingia kwenye maua hakuna korosho Oktoba, hakuna ada Januari. Kwa hiyo watu wanaamka usiku wa manane kwenda kupuliza dawa ya salfa kabla upepo haujaamka, majani yakiwa bado na umande. Mashine iko mgongoni mwa baba, na mtoto ndiye anayebeba mfuko na kujaza. Katika kazi yangu ya uuguzi nimewahi kumpokea zahanati kijana wa miaka 15, kope zake zote za njano, macho mekundu, anachuruzika machozi. Nikamwosha kwa maji safi dumu zima. Mtu huyo saa mbili usiku anafungua jicho asome ujumbe wako?

Kama kwao ni Nachingwea au Ruangwa, wanavuna ufuta. Ufuta haungoji. Unaukata, unaufunga mafungu, unayasimamisha yakauke, halafu unayakung'uta juu ya turubai taratibu, maana ukichelewa maganda yanajifungua yenyewe na mali yote inamwagika chini. Kama kwao ni Msimbati, ni siku za kusi, bahari imechafuka, na mama yake akimwona kaka mtu anaingia ngalawani halali mpaka arudi. Ukipajua kwao, ukimya wake utausoma vizuri. Hutasema kanichunia. Utasema, leo wako kwenye ufuta.

Na kama inawezekana, nendeni. Kwa ruhusa, wanangu, siyo kwa kutoroka: mzazi azungumze na mzazi, siku zijulikane. Mwanangu wa kiume alimleta rafiki yake wa Newala akakaa nasi Mikindani wiki nzima. Siku ya kwanza yule kijana aliingia bafuni akatoka na jagi. Ameoga kwa jagi moja. Mwanangu akacheka, akamwambia bomba lile pale, fungua. Kijana akasema, "Nimezoea." Likizo iliyofuata mwanangu akaenda Newala siku tano. Aliporudi hakusema mengi, lakini tangu siku ile bomba likidondosha matone nyumbani kwangu, yeye ndiye anainuka kulifunga. Kule alishuka bondeni kuchota maji na kupanda na dumu begani. Wale wawili sasa wamemaliza shule, mmoja yuko Dodoma, na bado wanaitana "Jagi".

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkifika kwa watu, jembe hilo lishikeni kabla hamjapewa.

Kuna jambo nalisema taratibu, maana ni letu. Likizo hii ngoma zitalia, kuanzia Nanyamba mpaka Nachingwea. Wachache wenu, na wadogo zenu wengi, wataingia ndani, jandoni au unyagoni. Mimi niliingia Desemba ya kidato cha kwanza. Nilirudi shule nikiwa na somo wangu, yaani mlezi wangu wa unyagoni, nikiwa na adabu mpya ya kupiga goti, na nikiwa na maneno ambayo sikuruhusiwa kuyasema. Temeke akaniuliza, sikumjibu. Akauliza tena, nikageuza uso. Akanuna wiki mbili, akiamini nimepata watu bora kuliko yeye.

Liwale ndiye aliyemkalisha chini. Yeye alishapitia. Akamwambia, "Mwache. Atakusimulia yanayosimulika." Na kweli, nilimsimulia yanayosimulika, na ule mwimbo mmoja usiokatazwa nikamfundisha, akauimba kwa lafudhi yake ya Dar mpaka tukaanguka.

Basi Julai rafiki yako akirudi amebadilika, sauti imekuwa nzito, au hacheki yale mliyokuwa mnayacheka, au amefiwa na hataki kusema, mpe nafasi. Usimdai awe yule wa Mei. Keti naye.

Wazazi wangu, nageuka kwenu kidogo. Mtoto akikuomba simu dakika kumi ampigie mwenziwe, mpe. Shilingi mia tano ya vocha si upotevu. Na binti akitoka unyagoni, arudi darasani. Mila yetu naipenda, imenilea. Kumfundisha mtoto utu uzima hakujamfanya mtu mzima; bado ni mtoto wako na daftari lake lina kurasa tupu.

Sasa narudi kwenye bahasha.

Julai 1994 shule ikafunguliwa. Nikapanga shuka langu, nikatandika na kitanda cha chini, cha Liwale, ili akifika usiku akute kitanda tayari. Bahasha nikaiweka chini ya mto wake. Hakufika siku hiyo. Wiki ya kwanza mwalimu aliita jina lake, akatungoja, akaendelea. Wiki ya pili akaliita. Wiki ya tatu hakuliita. Kitanda akapewa mtoto wa kidato cha kwanza, nikaichukua bahasha yangu.

Nilifanya nini? Nililia. Nilisali. Nilimuuliza Masasi kama amesikia chochote. Lakini nani aliyekwenda kwa mwalimu kusema, tumtafute, kwao ni kijiji fulani, kwa mzee fulani? Hakuna. Tulikuwa marafiki thelathini bwenini, na kati yetu hapakuwa na mmoja aliyejua pa kuanzia.

Miaka 17 ikapita. Nikasomea uuguzi, nikapangiwa mkoa wa Lindi. Mwaka 2011 tulikuwa kwenye huduma ya mkoba, vijiji vya ndani huko Liwale, tunapima watoto na kutoa chanjo chini ya mwembe. Foleni ndefu. Nimeinamia kadi, naandika uzito, nikasikia sauti juu ya kichwa changu: "Mikindani."

Hakuna aliyeniita hivyo tangu shule.

Niliinua uso. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Hatukukumbatiana mara moja, tulitazamana tu, mizani inaning'inia katikati yetu. Kisha mama mmoja kwenye foleni akampokea mtoto, na hapo ndipo tuliposhikana.

Alinisimulia jioni, foleni ilipokwisha. Ile likizo mjomba wake alikuwa ameshapokea posa. Yeye alikataa. Alisema, nina masomo, nina wenzangu, wananisubiri. Kijijini kwao barua zote ziliachwa dukani, gari likija. Kila gari lilipokuja alikwenda dukani. Mwenye duka akawa anamtikisia kichwa kwa mbali, kabla hajafika mlangoni. Na mjomba akamuuliza, "Hao wenzako wa shule, mbona hakuna anayekuulizia?"

Akaniambia, "Ningekuwa na barua moja tu, ya kumwonyesha."

Wanangu, sijui kama barua yangu ingeizuia ndoa ile. Mjomba alikuwa mjomba, na mahari ilishaliwa. Lakini alisimama peke yake mbele ya wazee, msichana wa miaka 15, anatafuta ushahidi kwamba kuna mahali anangojewa. Ushahidi ulikuwepo. Kurasa mbili na picha ya jahazi, ndani ya kitabu cha jiografia, Mikindani.

Ninyi leo mna vitu ambavyo sisi hatukuwa navyo. Tangu 2016 sheria ya elimu inasema wazi: kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa, na kifungo chake ni miaka 30. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyeacha shule kwa ujauzito arudi darasani. Ipo namba 116, ya kusaidia watoto, unapiga bure, hata kwa kitochi kisicho na salio. Lakini sheria haijui kwamba Jumamosi hii rafiki yako hakupokea simu. Namba 116 haijui kwamba sauti yake ilikuwa na kitu. Wewe unajua.

Asipopokea Jumamosi moja, yuko shambani. Asipopokea mbili, piga kwa mama yake, salimia kwa adabu, sema naomba kuongea na mwenzangu. Ukipewa majibu ya kuzungukazunguka, usinyamaze na usiende peke yako: mwambie mzazi wako, mpigie mwalimu wa malezi, piga 116. Na wavulana, hili ni lenu pia. Mnao wenzenu ambao Julai watakuwa wamebaki kwenye bodaboda au kwenye ngalawa, na hakuna atakayeuliza kwa sababu ni mvulana. Ulizeni.

Tulipoachana pale chini ya mwembe, giza linaingia na dereva anapiga honi, nilimpa Liwale daftari langu na kalamu. Nikamwambia, niandikie kwenu. Akalishika kwa mkono wa kulia, akaligeuza ubavu mpaka karibu lilale, akaandika kwa kushoto. Jina la kijiji. Jina la kitongoji. Namba ya simu ya mwanawe mkubwa. Jina la mwenye duka, ambaye bado ni yule yule. "Shuka kwenye mbuyu, uliza kwa mama fulani." Mistari mitano, inapanda kilima. Barua niliituma wiki hiyo hiyo, ile ya 1994, bila kubadilisha neno, na mwaka juzi bintiye wa tatu alikaa kwangu Mikindani alipokuwa anasoma hapa Mtwara.

Matroni ana karatasi, nimemwachia za kutosha. Kila mmoja achukue kwa idadi ya marafiki zake. Andikeni kijiji, kitongoji, jina analojulikana nalo mama mtaani, namba ya simu hata kama ni ya jirani, jina la mwenyekiti wa kijiji, na mahali pa kushuka: mti, msikiti, kanisa, mashine ya kusaga, chochote. Msiandikie magotini mkiwa kwenye basi, herufi zitaruka. Andikeni hapa, kwenye meza, sasa hivi.

Gari la Newala linaondoka saa nne. Nimezungumza na dereva, atangoja.